Usiguse Kochi Lile

Mimi sipendi mtu mvivu. Niseme mapema tusije tukakosana baadaye. Mtu akija kunikalia hapa karakanani mikono mapajani, huku mimi navuta kitambaa mpaka vidole vinaota sugu, damu inanichemka. Ndiyo maana nyuki walipokuja kukaa kwangu sikuwafukuza. Nilikuwa nimechoka kuishi na binadamu.

Kazi yangu ni makochi. Naunda mapya, navalisha upya yaliyochakaa, na uani kwangu kulikuwa na kochi kuukuu la watu watatu ambalo mwenyewe alilileta, akaondoka, na hajaonekana tena. Chini ya mkono wake wa kushoto kitambaa kilikuwa kimechanika. Siku moja ya jua kali kundi la nyuki lilitua ukutani likajirundika pale kama mto uliojazwa vibaya. Halafu wakaanza kuingia kwenye ule mpasuko, kwa zamu, bila kusukumana, kama watu waliofundishwa adabu. Kesho yake asubuhi kochi lilikuwa linavuma.

Jirani yangu mfuga kuku alichungulia juu ya ukuta akanishauri nimwage petroli, niwashe kiberiti, mambo yaishe. Nikamwambia aanze na banda lake, maana kwa harufu ile hata mimi nina kiberiti. Mimi na yeye huwa hatuachiani. Alipoondoka nilichukua shuka kuukuu la bluu nikalifunika kochi lisipigwe na jua, nikauacha mpasuko wazi, nikawawekea beseni la maji lenye kokoto wasizame wakinywa.

Basi nikawa kila nikichoka navuta kigoda, nakaa mbali kidogo na kikombe changu cha chai, nawatazama. Jamani, wale viumbe wanafanya kazi. Kuna waliokuwa wakirudi na chavua ya njano kwenye miguu, wamelemewa kiasi kwamba wanatua kwa kujibwaga, wanapumzika kidogo tu kisha wanajikokota ndani. Kuna waliosimama mlangoni wanapepea mabawa kutwa nzima ili ndani kuwe na hewa. Kuna waliobeba maiti. Nyuki akifia ndani, mwenzake anamkokota mpaka mlangoni, anaruka naye, anakwenda kumtupa mbali, anarudi kuendelea na kazi. Hakuna msimamizi. Hakuna anayesema leo mgongo unaniuma. Nilikuwa nawaangalia nikijiambia kwamba ningepata mafundi wa namna ile wawili tu, ningevalisha makochi ya mji mzima.

Kitu kimoja walikuwa hawakitaki kabisa, nacho ni thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Mimi huitumia kuondoa gundi mikononi. Siku moja nilifungua kopo karibu nao, harufu ilivyowafikia tu mvumo wao ukabadilika, ukawa mkali. Kabla sijainuka mmoja alinichoma chini ya jicho, na wenzake wakaja palepale alipochoma yule wa kwanza, kana kwamba kanitia alama. Nilishinda na jicho limefumba. Sikuwalaumu, nyumba ni yao. Kopo nikalihamishia mbele ya nyumba, upande wa barabarani.

Sasa, mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa ameolewa na fundi wa kupiga magari rangi. Mtaani kwao wanamwita Bwana Rangi. Mtanashati akiwa na watu, anacheka, anasalimia wazee kwa heshima zote. Akifunga mlango anakuwa mtu mwingine. Alikuwa akimpiga mdogo wangu kwa mkanda wa feni wa gari, ule mpira mweusi, kwa sababu hauachi kidonda kikubwa cha kuonekana. Mchana mmoja wa mvua alimtoa nje na kanga moja, damu inamtoka sikioni, akafunga mlango kwa ndani. Mdogo wangu akabisha, akaomba, akabisha. Unajua yule bwana alifanya nini? Aliwasha kompresa yake ya kupulizia rangi, ikanguruma humo ndani, ili asimsikie. Majirani walimwona wote. Walimtazama kwenye madirisha yao kama watu wanaotazama mvua.

Alikuwa amekimbia na kurudi, amekimbia na kurudi, mpaka mimi nikawa naona haya kumuuliza. Safari hii alikuja kwangu asubuhi na kiatu kimoja mguuni, mdomo umevimba, mkono wa kulia hauinuki vizuri. Nikampa chumba cha cherehani, kile chenye mlango wa kutokea uani. Nikala kiapo kwamba huyu harudi tena kule. Lakini kiapo kilikuwa changu, hakikuwa chake, na hilo ndilo lililoninyima raha.

Kabla hajaolewa, mdogo wangu alikuwa na mkono mzuri wa kushona kunishinda mimi niliyemfundisha. Nikamkalisha kwenye cherehani kubwa ya umeme, ile ya ngozi na vitambaa vizito, ashughulike na foronya za mito. Maskini, mikono ilikuwa inatetemeka. Mlango wa jirani ukigongwa, anaruka. Pikipiki ikipita barabarani, mguu unakanyaga mashine bila yeye kutaka. Mishono yake ilikwenda kama mlevi anayetafuta kwake. Mimi nikawa namsifia, kisha akienda kuoga naichukua kazi yake, naifumua kimyakimya na kuishona upya. Sikutaka avunjike moyo.

Siku zilivyokwenda akaanza kuja kukaa nami uani kuwatazama nyuki. Asubuhi moja tuliona fujo mlangoni pao. Nyuki wadogo walikuwa wanawaburuta wenzao wanene, wenye macho makubwa, wanawatoa nje kwa kuwavuta mabawa na miguu.

"Wale wanaoburutwa ni nani?" akauliza.

"Madume. Chakula kimepungua, wanafukuzwa."

"Wamefanya nini?"

"Hawajafanya kitu. Ndiyo kosa lao."

Akacheka kidogo, mkono mdomoni, maana mdomo ulikuwa bado unamuuma. Dume moja lilinyanyuka kutoka mavumbini likarudi mlangoni kwa nguvu. Wadogo wawili wakalirukia. Mmoja alishika mguu, mwenzake akaliguguna bawa pale linaposhikana na mwili, taratibu, kama mtu anayekata uzi kwa meno, mpaka bawa likaanguka. Dume likadondoka, likabaki linazunguka mavumbini palepale. Kuku wa jirani akaja akalidonoa.

Mdogo wangu alikuwa haoni kingine. "Wadogo kuliko yeye," akasema.

"Wadogo, ndiyo. Lakini wanajua kwao ni wapi."

Alinyanyuka akaenda kushona. Niliutazama mshono wa siku ile. Ulikuwa umepinda vilevile.

Halafu ikaanza simu. Nilimsikia nyuma ya mlango anaongea kwa sauti ya chini, "Ndiyo... ndiyo... na mimi nimekusamehe." Nikajifanya nina shughuli. Asubuhi moja nikaingia chumbani kuchukua mkasi, nikaukuta mfuko wake umefungwa fundo, uko karibu na mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Dada, nyumba yangu iko kule."

"Nyumba yako? Ile uliyofungiwa nje na mvua?"

"Amesema amebadilika. Ana hasira tu, moyo wake si mbaya."

Nikampa za uso. Nilimwambia maneno ambayo dada hapaswi kumwambia mdogo wake, kwamba akirudi kule asinitafute, nitamzika na sitalia. Akainamisha kichwa, akakaa kwenye cherehani akikunja kitambaa. Mimi nikatoka uani kuvuta mikanda ya kochi jipya, naivuta kwa hasira mpaka fremu inalia. Nilijua ataondoka siku ileile. Huyo bwana angekuja, akapiga hodi kama mtu, akasema mke wangu twende, mdogo wangu angebeba mfuko wake akamfuata, na mimi nisingekuwa na la kufanya.

Lakini hakuja kama mtu.

Geti langu la bati lilipigwa teke likang'oka bawaba moja. Akaingia na ovaroli yake yenye kila rangi ya magari ya mji huu, mkononi ana ile nyundo ya kunyooshea bodi. Harufu ya thina ilitangulia, yeye akafuata. Nikasikia nyuma yangu komeo la chumba cha cherehani linaingia. Mdogo wangu alikuwa amemwona kupitia dirishani.

"Shemeji, mke wangu yuko wapi?"

"Kwanza habari za asubuhi."

"Nimempigia simu mara tatu hapokei. Mmemfundisha ninyi kutopokea simu yangu. Yuko wapi?"

"Hayupo."

Hapo nilidanganya, na nilidanganya kwa moyo mweupe. Akaanza kupekua. Alipindua marundo yangu ya sponji, akarusha mito, akateremsha nyundo kwenye fremu mpya niliyoigonga kwa mikono yangu hii, ikapasuka katikati. Fremu ile ndiyo iliyonitoa akili. Nilimrukia nikamkamata kola. Akanigonga ngumi ya mdomo. Nilianguka chali juu ya vipande vya mbao, nikahisi kitu kigumu kinacheza ulimini, nikakitema. Lilikuwa jino langu la mbele.

Sikumlilia. Mkono wangu ulikuwa karibu na sindano kubwa iliyopinda, ile ya kufungia springi, ndefu kama kiganja. Nikaishika nikamchoma nayo pajani, ikazama hadi karibu na tundu la uzi. Akanguruma kama gari lililokosa gia. Akanipiga teke la mbavu, na la pili, na la tatu nikasikia ndani yangu kitu kimelia kama ubao mkavu. Akaing'oa sindano akaitupa. Damu yake ilikuwa inachuruzika ndani ya kiatu.

Nyuki walikuwa wamekwisha kuinusa ile thina. Mmoja mmoja walikuja kumgonga kichwani, hawachomi bado, wanamgonga tu, kama mtu anayekwambia ondoka. Akawa anawapangusa kwa kofi, na aliowaponda alijipaka shingoni. Mimi nikiwa chini nikaona anageuka. Akaliona kochi la uani, limefunikwa shuka la bluu, na shuka limetuna katikati pale mto wa zamani ulipofura.

Nikaelewa anawaza nini.

Nikamwambia ukweli, damu imejaa mdomoni. "Usiguse kochi lile. Lina nyuki."

Akacheka. Sijui kama mnawajua watu wa aina yake. Mwanamke akimwambia usiguse, anajua kuna kitu kimefichwa. Ndivyo alivyoishi miaka yote, kila alichokatazwa na mke wake alikifanya mbele ya macho yake, ili ajue nani mwenye nyumba. Akalisogelea lile shuka akichechemea kwa lile paja.

"Toka mwenyewe," aliliambia shuka. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Toka mwenyewe nisikutoe vipande."

Shuka halikujibu. Basi akainua nyundo kwa mikono miwili, juu kabisa, akaiteremsha pale kichwa cha mtu kingekuwa. Nataka mnielewe. Hakujua kama ni nyuki. Alijua ni mke wake. Akainua tena, akateremsha tena kwa nguvu zake zote, na dirisha la chumba cha cherehani linatazama moja kwa moja pale, na mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye dirisha lile.

Springi zilikatika ndani. Halafu wakatoka.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Walitoka kwenye mpasuko, wakatoka kwenye matundu ya nyundo, wakatoka chini ya miguu ya kochi, weusi, na mvumo wao ulikuwa unauhisi kwenye meno. Walikwenda kwake. Walimvaa shingoni pale alipowaponda wenzao, wakamvaa masikioni, puani, kwenye kope. Alifungua mdomo kupiga kelele wakaingia mdomoni. Aliangusha nyundo akaanza kujipiga makofi usoni, na kila kofi liliua, na kila aliyeuawa aliwaita wengine. Akagonga ukuta, akagonga meza yangu ya kukatia, akaanguka juu ya beseni la maji, akainuka. Kando ya ukuta jogoo wa jirani, aliyekuwa amefungwa kamba mguuni, alirukaruka mara chache akatulia kabisa. Mimi nilijivutia juu yangu turubai na sponji, na hata hivyo walinipata mikononi na kisogoni. Nilikuwa naona kwa tundu dogo tu.

Akafika kwenye mlango wa chumba cha cherehani.

Akabisha. Alianza kwa ngumi, kisha viganja. "Fungua, mke wangu. Fungua, nakufa." Akamwita majina ambayo mdogo wangu hajawahi kunisimulia, majina matamu ya siku za uchumba. Akaapa kwa mama yake. "Sikupigi tena, fungua, siwaoni, sioni kitu." Sauti ilikuwa inazidi kuwa nene, ulimi umemvimba. Nilimwona akipapasa mlango juu mpaka chini kutafuta kitasa, macho yamefumba, uso umekuwa si uso.

Ndipo nikasikia cherehani inawaka.

Ile mashine ina kelele, wateja wangu wote wanajua. Iliunguruma humo ndani, ikashika mwendo mmoja, ikaenda. Yeye anabisha, mashine inakwenda. Anaomba, mashine inakwenda. Haikukatika hata kidogo. Nilidhani mdogo wangu ameanguka juu yake, amezimia, mguu umebaki kwenye pedali.

Aliyemtoa pale ni jirani yangu mfuga kuku. Alikuja amejizungushia blanketi lililoloa, gunia linafuka moshi mkononi, akamshika yule bwana miguu akamburuta mpaka barabarani huku akitukana nyuki, ananitukana mimi, anamtukana na huyo anayemburuta. Watu wakampakia kwenye pikapu wakampeleka hospitali. Hakufa. Roho yake ngumu. Nasikia jicho moja halikurudi sawasawa.

Kisha jirani akarudi na dumu la petroli. Safari hii sikubishana naye. Nilikuwa nimekaa chini, mdomo umekuwa kama andazi, mbavu zinachoma kila nikivuta pumzi, na jogoo wake alikuwa amekufa kwa ajili yangu. Alimwaga, akawasha. Nta ikayeyuka ikatiririka kwenye springi, na asali ikawaka, na harufu yake ilikuwa nzuri. Waliomchoma walikuwa wamekwisha kufa, nyuki akikuacha na mwiba wake matumbo yake yanabaki nao. Wamejaa uani kama makapi. Waliobaki ndani waliungulia kazini. Hapo nililia. Sikulia kwa ajili ya jino.

Moto ulipopungua nilijikokota mpaka mlango wa cherehani nikamwita mdogo wangu kwa jina. Mashine ikanyamaza. Komeo likatoka.

Alikuwa amekaa palepale. Mfuko wake haukuwa mlangoni tena, nguo zilikuwa zimerudi kwenye msumari. Mbele yake kulikuwa na kitambaa kizito cha kijivu, jora zima, ameliunganisha pande mbili tangu mwanzo mpaka mwisho, linamiminika chini ya mashine na kujaa sakafuni. Mikono ilikuwa juu ya meza. Niliitazama. Ilikuwa imetulia.

"Ulimsikia?" nikamuuliza.

"Nilimsikia vizuri sana."

Nikafanya ninachokijua. Niliinama kwa shida, nikauokota ule mshono nikaupitishia kucha kama ninavyofanya kila siku, natafuta mahali ulipopinda. Niliufuata pima kwa pima. Ulikuwa umenyooka kama umechorwa kwa rula.

Mdogo wangu akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Huu usiufumue, Dada."